Kadi za Wi-Fi katika Linux: Maswali na Majibu

Watu wengi wanaohamia Linux, yaani mfumo endeshi huria ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza, hukuta kila kifaa cha kompyuta kikifanya kazi isipokuwa kadi ya Wi-Fi. Tatizo hilo lina sababu zinazojulikana, na hutatuliwa kwa kuitambua kadi kwanza, kabla ya kusakinisha chochote.

Swali: Kwa nini kadi iliyofanya kazi katika Windows hugoma katika Linux?

Jibu: Kadi nyingi huhitaji vitu viwili. Cha kwanza ni draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo endeshi kuwasiliana na kifaa, ambayo katika Linux kwa kawaida huja pamoja na kiini cha mfumo. Cha pili ni programu dhibiti, ambayo hupakiwa ndani ya kadi yenyewe na kuongoza kazi zake za redio. Draiva nyingi za Linux ni huria, lakini programu dhibiti kwa kawaida ni mali ya mtengenezaji, hutolewa bila msimbo wake, na wakati mwingine leseni yake huwazuia wengine kuisambaza. Ndiyo maana draiva huweza kuwepo na kadi bado ikashindwa kufanya kazi.

Swali: Uchunguzi uanzie wapi?

Jibu: Uanzie kwenye namba ya utambulisho, kwa sababu kompyuta za jina na modeli moja huweza kuwa na kadi tofauti. Amri ya `lspci -nnk` huonyesha kadi za ndani pamoja na draiva inayotumika, na `lsusb` huonyesha zile za kuchomeka kwenye USB. Sehemu ya kwanza ya namba humtaja mtengenezaji: 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom na 10ec ni Realtek katika kadi za ndani. Iwapo draiva ipo lakini mtandao hauonekani, `sudo dmesg` huonyesha kama programu dhibiti imekosekana, na `rfkill list` huonyesha kama redio imezimwa kwa swichi au kwa programu.

Swali: Kwa nini kadi za Broadcom hutajwa mara nyingi kuwa ngumu?

Jibu: Kwa miaka mingi kampuni hiyo haikutoa draiva huria wala maelezo ya utendaji wa kadi zake. Wahandisi wa kujitolea waligawana kazi: kundi moja lilichunguza draiva ya kampuni na kuandika jinsi kadi inavyofanya kazi, na kundi jingine likatumia maelezo hayo kuandika draiva mpya, ambayo iliingia katika kiini cha Linux mwaka 2006 na kufuatiwa na draiva ya b43 mwaka 2008. Kwa kuwa programu dhibiti ya kadi hizo hairuhusiwi kusambazwa, kifurushi cha `firmware-b43-installer` huichota kutoka katika draiva ya kampuni wakati wa usakinishaji. Septemba 2010 Broadcom ilitoa draiva huria kwa baadhi ya kadi zake, lakini nyingine bado hutegemea draiva funge iitwayo wl, inayopatikana kwa `broadcom-sta-dkms` katika Debian na `bcmwl-kernel-source` katika Ubuntu, ambayo ni matoleo mawili ya Linux. Draiva za b43 na wl zisitumiwe kwa pamoja, kwa kuwa hugombania kadi moja.

Swali: Vifurushi hivyo vitapakuliwaje ikiwa Wi-Fi yenyewe haifanyi kazi?

Jibu: Kebo ya mtandao ikikosekana, simu ya Android iunganishwe kwa waya wa USB na kuruhusiwa kushiriki intaneti yake; Linux huiona simu hiyo kama mtandao wa waya, na njia hii huwafaa sana wanaotegemea bando la simu nyumbani. Aidha, kufuatia kura ya wanachama wa Debian mwaka 2022, toleo la Debian 12 lililotoka Juni 2023 hubeba programu dhibiti nyingi ndani ya kisakinishi chake.

Swali: Kwa nini draiva iliyosakinishwa vizuri hukataliwa na kompyuta?

Jibu: Kompyuta nyingi za kisasa huwa na Secure Boot, kinga inayokagua saini ya kidijitali ya programu zinazopakiwa mapema. Draiva inayoundwa kwenye kompyuta ya mtumiaji, kama wl, hukataliwa hadi ufunguo wa saini yake usajiliwe kwa kufuata maelekezo yanayotolewa wakati wa usakinishaji, au kinga hiyo izimwe.

Swali: Anayenunua kompyuta azingatie nini?

Jibu: Kadi za Intel zina draiva ndani ya kiini cha Linux na programu dhibiti inayoruhusiwa kusambazwa, na kadi za ndani za Atheros zinazotumia draiva ya ath9k, iliyotolewa mwaka 2008, hazihitaji kupakiwa programu dhibiti kabisa. Mnunuzi, hasa wa kompyuta iliyotumika, aiwashe kwa Linux iliyo kwenye flashi na kujaribu Wi-Fi kabla ya kulipa, na awape fedha zake watengenezaji wanaoheshimu haki ya mtumiaji ya kuchagua mfumo endeshi wake.