Mita Kumi za Mwisho: Maswali ya Wasaka Makasha

Mchezaji wa jiokashi hutoka nyumbani akiwa na simu mkononi na kalamu mfukoni. Simu inampeleka mahali ambapo mtu asiyemjua alificha kasha: chini ya mzizi, nyuma ya mlingoti, ndani ya ufa wa jiwe. Akilipata analifungua, anaandika jina lake la mchezo na tarehe kwenye daftari lililomo, analirudisha palepale, kisha anaeleza mtandaoni yaliyomkuta. Makasha zaidi ya milioni 3 yamefichwa hivyo katika nchi zaidi ya 190. Kenya na Tanzania zimo, ingawa makasha yake ni machache mno ukilinganisha na ya Marekani au Ujerumani. Wanaoanza huuliza mambo yanayofanana, na wazoefu wana majibu yake.

Swali: Nani aliuanzisha mchezo huu, na kwa nini mwaka 2000 na si kabla?

Jibu: Kabla ya hapo usingechezeka. GPS, mfumo wa setilaiti wa kuonyesha mahali, ni mali ya serikali ya Marekani, na kwa miaka mingi mawimbi waliyoruhusiwa raia yalivurugwa makusudi kwa sababu za kijeshi, hata kifaa cha mkononi kikaweza kukosea kwa mita 100 hivi. Hakuna atakayepekua msitu wa ukubwa huo kutafuta kikopo. Tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton, uvurugaji huo ulizimwa, na ghafla vifaa vilevile vikaanza kuonyesha mahali kwa usahihi ambao raia hawakuwahi kuupata.

Siku iliyofuata Dave Ulmer alipeleka ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akaifukia nusu. Ndani alitia vitabu, programu za kompyuta, manati na kopo la maharagwe, kisha akatangaza namba za mahali hapo kwenye intaneti. Sharti lake lilikuwa moja: ukichukua kitu, acha kitu. Mike Teague ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipata, na hilo halikuchukua hata wiki. Septemba mwaka huohuo Jeremy Irish alifungua tovuti ya geocaching.com ikiwa na makasha 75 tu. Leo pale Beavercreek pana bamba la kumbukumbu, na wachezaji husafiri kutoka mbali kwenda kulitembelea.

Wazo la kuacha chombo porini ili wageni waandikiane lilikuwepo hata kabla ya setilaiti. Mwaka 1854, katika nyika ya Dartmoor huko Uingereza, kiongozi wa wageni aitwaye James Perrott aliacha chupa pale Cranmere Pool ili wanaofika waweke kadi zao ndani. Hata hivyo, aliyewaletea watu wa dunia nzima namba za kufuata alikuwa Ulmer, kwa ile ndoo yake. Jambo lake la kufukia limeachwa: kanuni za sasa hazikubali shimo lichimbwe bila idhini ya mwenye ardhi, na ni vizuri zikabaki hivyo.

Swali: Lazima nilipie, au ninunue kifaa maalumu?

Jibu: La. Simu yenye GPS na programu ya bure zinatosha kuanza. Uanachama wa kulipia huongeza makasha na huduma tu. Tena GPS yenyewe haili bando. Kinachokula bando ni ramani, kwa hiyo wazoefu huipakua kabla ya kutoka. Betri ndiyo huwaumbua wengi, na pawabenki ni rafiki wa kweli porini.

Swali: Namba zile zinasomwaje? Nimezifuata nikajikuta mbali kabisa.

Jibu: Hapa ndipo wageni wengi wanapopotelea, na kosa huwa dogo mno. Jiokashi huandika majiranukta kwa digrii na dakika zenye desimali. Mahali fulani katikati ya Dar es Salaam, kwa mfano, panaweza kuandikwa S 6° 48.500, E 39° 17.000. Dakika moja ya latitudo ni sawa na kilomita 1.85, hivyo tarakimu ya mwisho kabisa, ile ya elfu, ni hatua mbili za mtu mzima. Ndiyo maana mchezaji hadharau hata tarakimu moja.

Kosa la kwanza ni kuchanganya mitindo. Mtu akiichapa 6° 48.500 kana kwamba ni digrii 6.48500, simu itampeleka karibu kilomita 36 kaskazini ya alipotakiwa, na haitamwonya, kwa sababu hizo nazo ni namba halali. Kosa la pili linawahusu sana wachezaji wa Afrika Mashariki, maana Ikweta inazikatiza Kenya na Uganda. Kasha la Nanyuki linaweza kuwa upande wowote, na herufi S au N ndiyo inayoamua. Aliyeko Dar es Salaam akiandika N badala ya S atajikuta, kwenye ramani, katika nyanda za juu za Bale nchini Ethiopia, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka alipo. Programu nyingine hazitumii herufi kabisa, zinataka alama ya kutoa mbele ya latitudo ya kusini. Alama hiyo ikisahaulika, msafara umeharibika kabla haujaanza.

Swali: Simu inasema nimefika, mbona kasha halionekani?

Jibu: Simu imekwisha kufanya kazi yake. Setilaiti za GPS huzunguka kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi, na simu huhitaji mawimbi ya angalau nne ili kukokotoa mahali ilipo. Chini ya anga wazi hukosea kwa mita 5 hivi. Chini ya miembe iliyofungamana, bondeni, au kati ya majengo marefu ambako mawimbi hugonga ukuta kabla ya kuifikia simu, kosa huongezeka. Isitoshe, aliyelificha naye alipima kwa kifaa chenye makosa yake. Makosa hayo mawili yakijumlishwa, duara la mita kumi linakuwa jambo la kawaida.

Mshale ukianza kuyumba, mzoefu husimama kwa dakika moja ili kipimo kitulie. Kisha hulisogelea eneo kutoka pande mbili tatu na kuangalia mishale inakutana wapi. Baada ya hapo anaitia simu mfukoni. Wengi hushindwa kwa sababu hawaiachi simu. Wanatazama kioo huku kasha liko usawa wa goti lao. Swali la kujiuliza ni hili: mtu aliyetaka kuficha kitu hapa, kisionekane wala kisilowe, angekiweka wapi? Macho hutafuta kisicho na asili: mawe yaliyopangwa, rundo la vijiti vilivyolala upande mmoja, skrubu isiyoshika chochote, gome la mti lisilofanana na mti wenyewe.

Ukubwa nao husaidia kujua pa kutazama. Kuna makasha ya ukubwa wa ncha ya kidole, yenye sumaku, yanayonata nyuma ya bango. Kuna vikopo vya filamu za zamani. Na kuna masanduku ya chuma ya risasi ambayo hayafichiki ila porini. Kila kasha pia lina alama mbili, kuanzia 1 hadi 5: moja ni ugumu wa kuligundua, nyingine ni ugumu wa njia. Njia yenye alama 1 hufikika kwa kiti cha magurudumu, na yenye 5 huhitaji zana kama mashua au kamba za kupandia. Anayeanza na afuate alama 1 na 2, asione haya. Ukurasa wa kasha huwa pia na dokezo lililofichwa kwa kubadilishana herufi, A ikawa N, B ikawa O, na programu hulifumbua kwa kubonyeza tu.

Kabla mkono haujaingia kwenye shimo au chini ya jiwe, fimbo iingie kwanza. Nyoka, nge na manyigu nao hupenda mahali pakavu palipofichika.

Swali: Wachezaji huandikiana nini? Naona vifupisho nisivyovielewa.

Jibu: Vifupisho ni vichache. FTF ni aliyekuwa wa kwanza kulipata kasha jipya, heshima inayowafanya watu watoke usiku na tochi. TFTC ni shukrani kwa aliyelificha. DNF ni taarifa kwamba mtu alitafuta akakosa. Mpita njia asiyeujua mchezo huitwa “muggle”, jina la wasio wachawi katika riwaya za Harry Potter, na ikiandikwa kwamba wapo wengi, maana yake ni nenda asubuhi na mapema.

Katika hivyo vyote, kinachodharauliwa zaidi ni DNF, nacho ndicho chenye faida kuliko vingine. Wengi huona aibu kukiri kwamba walikosa, wakanyamaza. Matokeo yake kasha lililoibwa miezi iliyopita linaendelea kuonekana kwenye ramani kana kwamba lipo, na watu wengine wanapoteza nauli. Watatu wakiandika mfululizo kwamba wamekosa, mwenye kasha hupata sababu ya kwenda kuangalia, na wanaofuata hujua wanachokiendea. Mchezo mzima umesimama juu ya maneno ya watu wasiojuana. Hakuna mwamuzi anayezunguka na filimbi.

Vivyo hivyo kwa aliyelipata. Anayeandika TFTC peke yake hajakosa, lakini hajampa kitu mtu aliyetumia siku yake kupanga maficho yale. Taarifa nzuri husema hali ya njia, hali ya kasha, na jambo moja lililomfurahisha: kwamba kifuniko kimepasuka na daftari limelowa, kwamba mto umejaa na kivuko hakipitiki, kwamba mama muuza maandazi aliye karibu ni mkarimu. Asichotakiwa kusema ni lilipojificha, na picha za maficho asiziweke.

Swali: Watu wakinitilia shaka je?

Jibu: Wana haki. Mwaka 2011 mjini Wetherby, Uingereza, mtu alimwona mchezaji akishughulika na kiboksi cha plastiki mtaani. Polisi wakawaondoa watu, na kikosi cha jeshi cha kutegua mabomu kikakilipua. Nairobi na Dar es Salaam zinaijua hofu hiyo kwa uchungu zaidi, tangu milipuko ya balozi za Marekani ya 7 Agosti 1998. Na Nairobi ikaguswa tena mwaka 2013, kwa shambulio la jumba la maduka la Westgate. Kiboksi kisichojulikana chini ya benchi hapa si jambo la mzaha.

Kwa hiyo makasha hayakai karibu na shule, reli, viwanja vya ndege, kambi za jeshi wala majengo ya serikali. Chombo chenye kuta zinazoonyesha ndani, chenye maandishi ya kueleza kilivyo, kwa Kiswahili, hupunguza wasiwasi. Kabla ya kuweka chochote mtaani, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au chifu kwa Kenya, aelezwe. Na mchezaji akikuta mlinzi, salamu itangulie: “Shikamoo mzee, habari za kazi?” kisha aeleze anachotafuta na amwonyeshe simu. Kunyatanyata ndiko kunakozua matatizo. Mlinzi aliyeelezwa vizuri mara nyingi huwa mtunzaji bora wa kasha.

Swali: Naruhusiwa kucheza hifadhini?

Jibu: Chombo kisiwekwe hifadhini bila ruhusa ya mamlaka yake. Ila ipo aina isiyo na chombo, nayo inalifaa sana eneo hili: kasha la ardhi, linaloendeshwa kwa kushirikiana na Jumuiya ya Jiolojia ya Marekani. La kwanza liliwekwa Australia mwaka 2004. Mchezaji hufika, hutazama mwamba au bonde, hujibu maswali kuhusu lilivyoumbika, kisha hutuma majibu kwa mwenye kasha. Haachi kitu, hachukui kitu.

Afrika Mashariki ina maswali ya kutosha. Ol Doinyo Lengai ndiyo volkano pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya kabonati katika zama hizi, lava iliyo baridi kuliko ya kawaida na inayopauka ikikutana na unyevu wa hewa. Ngome ya Yesu mjini Mombasa, iliyojengwa na Wareno miaka ya 1590, imesimama juu ya mwamba wa matumbawe ambao zamani ulikuwa chini ya bahari. Mtoto akiulizwa ni kitu gani anachokiona ukutani mwa mwamba ule, atatafuta jibu kwa vidole vyake mwenyewe, na hilo darasani ni gumu kulipata.

Swali: Ndani ya kasha niweke nini?

Jibu: Kitu chenye thamani sawa na ulichochukua, au zaidi: kidoli, shanga, beji, sarafu. Chakula hapana kabisa, maana nyani na panya watalipasua kasha kabla ya mgeni anayefuata. Dawa, visu na viberiti pia hapana, kwa kuwa watoto hucheza. Ukikuta kisahani cha chuma chenye namba ya siri, hicho si zawadi. Ni msafiri: kipeleke kwenye kasha jingine na uandike ulikokiacha, ili mwenyewe afuatilie safari yake. Namba ya msafiri wa aina hiyo ilikwenda hadi Mars pamoja na gari la Perseverance, lililotua Februari 2021.

Swali: Nataka kuficha la kwangu. Nianzie wapi?

Jibu: Tafuta kwanza ya wengine, uone yapi yaliyodumu. Kisha chagua mahali panapostahili safari, pata idhini ya mwenyewe, na upime namba mara kadhaa kwa siku tofauti. Kasha jipya linatakiwa kuwa angalau mita 161 kutoka lililo jirani, na mkaguzi wa kujitolea hulipitia kabla halijatangazwa. Mtalii aliyeko Zanzibar kwa wiki moja asiache kasha pasipo mkazi atakayelitunza, maana daftari hujaa na kifuniko huvunjika.

Pwani chuma huliwa na chumvi, na bara mchwa hula mbao na karatasi. Chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, daftari ndani ya mfuko wa zipu, na penseli badala ya kalamu ya wino, vitahimili masika. Na siku mwenyewe akihama au akichoka, alifunge kasha kwenye tovuti na aende kulichukua, pamoja na vipande vyote vya plastiki vilivyobaki pale.