Gunia la 50 la Marekani Si la Kilo 50



Wengi wetu tulifuga kabla ya kufika Marekani, na sasa baadhi yenu mmeanza tena: kuku wachache nyuma ya nyumba, au mbuzi kwenye shamba la kukodi. Ufugaji mnaujua. Kinachotatiza huku ni vipimo.

Tanzania tumezoea mfuko wa chakula cha kuku wa kilo 50, na Kenya ipo pia ya kilo 70. Hapa dukani utakuta mfuko umeandikwa 50, lakini hiyo ni paundi 50. Paundi ndiyo ratili ya wazee wa pwani. Alama yake ni lb, kutokana na neno la Kilatini libra. Paundi 50 ni kilo 22.68 tu, yaani chini ya nusu ya mfuko wa nyumbani.

Kwenye mfuko tafuta maandishi NET WT. Maana yake ni uzito wa chakula chenyewe bila mfuko. Kwa kawaida paundi huandikwa kwanza, kisha kilo.

Kubadili kwa kichwa

Paundi kwenda kilo: gawa kwa 2, kisha toa sehemu moja ya kumi ya jibu.
Paundi 50: nusu ni 25, toa 2.5, unapata kilo 22.5.
Paundi 40: nusu ni 20, toa 2, unapata kilo 18.

Kilo kwenda paundi: zidisha kwa 2, kisha ongeza sehemu moja ya kumi ya jibu.
Kilo 50: mara mbili ni 100, ongeza 10, unapata paundi 110.

Majibu haya yanakaribia sana uzito kamili, na yanatosha kwa chakula cha mifugo.

Mfuko utakaa siku ngapi?

Kuku wa mayai aliyekomaa hula takriban robo paundi kwa siku, karibu gramu 113. Kuku 20 watakula paundi 5 kwa siku, kwa hiyo mfuko wa paundi 50 utaisha siku ya 10. Ukidhani ni kilo 50, utatarajia siku 22. Hapo chakula kitaisha kabla ya mshahara, au utawapunja kuku ili mfuko ufike, nao watapunguza kutaga. Kwa siku 30, tenga pesa za mifuko 3.

Ukichanganya mwenyewe

Tuseme kanuni yako ya nyumbani ni gramu 150 za chumvi kwa kilo 50 za chakula. Ukiitia yote kwenye paundi 50, chumvi itazidi zaidi ya mara mbili. Kuku watakunywa maji kupita kiasi na kuharisha majimaji. Kiasi sahihi ni gramu 68. Chakula kilichokamilika cha dukani kina chumvi tayari, usiongeze.

Kulinganisha bei

Mfano: mfuko wa paundi 50 ni dola 20, wa paundi 40 ni dola 18. Gawa bei kwa paundi. Wa kwanza ni senti 40 kwa paundi, wa pili ni senti 45. Ule wa dola 18 ndio ghali.

Zoezi

1. Mfuko wa paundi 40 utawatosha kuku 16 siku ngapi?
2. Kilo 70 ni paundi ngapi?

Majibu: (1) Kuku 16 hula paundi 4 kwa siku, kwa hiyo siku 10. (2) 140 ukiongeza 14 ni paundi 154.

Kata ukurasa huu uubandike karibu na pipa la chakula, ili hata watoto wanaolisha kuku wautumie. Ukikwama kwenye hesabu, njoo ofisini na lebo ya mfuko wako tuipige pamoja.