Jipu Lisiloonekana

Jipu unalijua. Huota kwapani, mguuni au shingoni. Huvimba, huwaka moto, huiva. Usaha ukitoka, mgonjwa hupata nafuu. Rais Magufuli alipoanza kusema habari za kutumbua majipu mwishoni mwa mwaka 2015, hakuna aliyeuliza maana yake. Alikuwa akisema juu ya wala rushwa, lakini kila mtu alijua kuwa usaha ukikaa ndani, mwili hauponi.

Leo tunasoma habari za jipu ambalo huwezi kuliona. Huota ndani ya tezi dume.

Tezi dume wanayo wanaume tu. Iko chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya njia ya haja kubwa. Kwa kijana ni kama ndimu ndogo. Hutengeneza sehemu ya maji ya shahawa. Njia ya mkojo hupita katikati yake. Kwa hiyo tezi ikivimba, njia hiyo hubanwa.

Tuseme mkulima wa kahawa wa Murongo anashikwa na homa. Anatetemeka. Anasema, "Hii ni malaria." Anameza dawa, lakini homa haishuki. Siku ya pili anakwenda haja ndogo mara nyingi, na yanatoka matone tu, tena kwa maumivu. Anaumwa kati ya mapumbu na njia ya haja kubwa, mahali panapoitwa msamba. Hata kukaa kwenye kigoda ni shida. Mke wake anamwuliza, "Baba, unaumwa wapi?" Anajibu, "Ni homa tu." Anaona aibu. Jirani anamletea rubisi ili isukume mkojo. Mkojo hausukumwi, kibofu kinazidi kujaa. Siku ya nne mkojo unakataa kabisa.

Mtu huyu yumo hatarini. Vijidudu vikienea katika damu vinaweza kumwua. Murongo iko mpakani, na hospitali kubwa ziko mbali, lakini siku nne hizi hazikupotea barabarani. Zilipotea nyumbani.

Ugonjwa huu huanzaje? Mara nyingi vijidudu vya tumboni huingia katika njia ya mkojo na kupanda hadi kwenye tezi. Zamani, kabla ya penisilini kuenea katika miaka ya 1940, wengi walilipata jipu hili kutokana na kisonono. Siku hizi huwapata zaidi wenye kisukari, waliokaa na mpira wa mkojo kwa muda mrefu, na wale ambao miili yao haina nguvu ya kupigana na magonjwa. Si ugonjwa wa kila siku. Wazee wengi wenye shida ya mkojo tezi zao zimekua kwa sababu ya umri tu. Shida hiyo huja polepole, bila homa. Homa na kutetemeka pamoja na shida ya mkojo ni jambo jingine. Hapo usingoje.

Zahanati haiwezi kulitumbua jipu hili, lakini tabibu anaweza kuanza dawa na kuandika barua ya rufaa. Hospitali ya Nyakahanga iko Karagwe. Hospitali ya rufaa ya Bugando iko Mwanza. Huko daktari huvaa glavu, huingiza kidole katika njia ya haja kubwa na kuigusa tezi. Wanaume wengi hukichukia kipimo hiki, nacho humalizika upesi. Daktari hugusa taratibu, maana tezi yenye usaha ikiminywa, vijidudu hukimbilia kwenye damu. Kisha mkojo, damu na sukari hupimwa. Altrasaundi, mashine inayotazama ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti, huonyesha usaha ulipo.

Jipu dogo sana linaweza kupona kwa dawa peke yake. Kubwa haliponi hivyo, kwa sababu dawa haifiki vizuri ndani ya usaha. Daktari anaweza kuuvuta usaha kwa sindano ndefu, akipitia msamba au njia ya haja kubwa, huku akitazama altrasaundi. Wakati mwingine jipu hujaa tena na sindano hurudiwa. Au hupitisha chombo chembamba chenye taa katika njia ya mkojo, akalifungua jipu kwa ndani. Hapo hakuna kidonda cha nje. Kupasua msamba kwa kisu, kama zamani, siku hizi ni nadra. Hufanywa hasa usaha ukiwa umeenea nje ya tezi. Mgonjwa wa kupasuliwa huweza kupigwa sindano ya ganzi mgongoni, naye hasikii maumivu chini ya kiuno.

Wanaume huuliza kwa sauti ya chini, "Je, nitahasiwa?" Hapana. Mapumbu hayaondolewi. Lakini ukweli usemwe. Baada ya kupasuliwa kwa kupitia njia ya mkojo, shahawa za baadhi ya wanaume hurudi kwenye kibofu badala ya kutoka nje. Nguvu za kiume kwa kawaida hubaki, ila kupata mtoto huweza kuwa kugumu. Anayetaka watoto amwulize daktari mapema, yeye na mkewe.

Baada ya hapo mgonjwa humeza dawa kwa wiki kadhaa. Homa ikishuka, bado anaendelea mpaka zimalizike.

Zungumzeni darasani: Mkulima wetu angepaswa kwenda zahanati siku gani? Mke wake angemwambia nini?