Mkwe Anasema Damu ya Kwetu Ni Dhaifu

Mama Kulwa wa Geita, pole sana. Doto amelazwa kwa malaria kali mara mbili kabla hajatimiza miaka minne, mara ya pili kwa degedege. Kulwa, dada yake pacha anayelala naye chandarua kimoja, akipata homa huinuka baada ya siku mbili akaenda kucheza. Na mkweo anatangaza mbele za watu kwamba Doto amerithi damu dhaifu ya kwenu.

Nianzie hapo kwenye damu. Karibu seli zote za mwili zina molekuli ziitwazo HLA. Hizi hubeba vipande vya protini kutoka ndani ya seli na kuvianika nje, chembe nyeupe za ulinzi zipate kuvikagua. Kikionekana kipande cha mdudu, seli hiyo huuawa pamoja na mdudu wake. Shida ni kwamba kila aina ya molekuli ina kijishimo chenye umbo lake, na kipande kisichoenea humo hakianikwi. Vimelea vya malaria hupitia kwanza kwenye ini, na huko vinaweza kuumbuliwa. Vikishaingia kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo hazina molekuli hizi za kutosha, vimepata maficho.

Aina za HLA ni maelfu. Mtoto hupewa seti moja na baba na nyingine na mama, kwa hiyo Doto hakuchukua kwako peke yako. Pacha wasiofanana ni kama ndugu wengine wowote: uwezekano wa wawili kupata seti zilezile zote ni 1 kati ya 4.

Mwaka 1991 Adrian Hill na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa Gambia: watoto wenye aina ya HLA-B53 walikuwa wachache miongoni mwa waliougua malaria kali. Lakini tafiti nyingine hazikuona kinga hiyo kila mahali. Tena aina moja haifai kwa kila ugonjwa. HLA-B27 huchelewesha UKIMWI kwa mwenye virusi, na hiyohiyo huongeza hatari ya ugonjwa wa kukakamaa uti wa mgongo. Sasa mkweo angeiita damu hiyo imara au dhaifu? Maneno yake hayana ukweli, na mumeo ndiye wa kumwambia hivyo, kwa heshima, bila kukuachia wewe mzigo huo.

Sisemi kwamba HLA ndiyo sababu ya kuugua kwa Doto. Huenda Kulwa amerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, hali inayokinga sana dhidi ya malaria kali. Waombee wote wawili kipimo cha selimundu hospitalini. Mmoja akiwa nayo, nanyi wazazi mpime, kwa sababu mtoto akiirithi pande zote mbili huugua sana.

Usimwachie Kulwa alale nje ya chandarua kwa kuwa ni mgumu. Naye anaweza kuzidiwa. Doto akipata joto, mpeleke zahanati siku hiyohiyo akapimwe, na dawa mseto azimalize hata akianza kuchangamka. Akishikwa na degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, au akitapika kila kitu, usingoje kupambazuke. Mwamshe mumeo mwondoke usiku huohuo.