SOMO: Rangi za tablo zinasema nini juu ya koperative yetu?

Wanamemba wa Mudaka na jirani,

Mama wengi wanajua ule utepe wa kupima mkono wa mtoto kwenye kituo cha afya. Kwa mtoto wa miezi 6 mpaka 59, milimeta 125 na zaidi ni kijani. Toka 115 mpaka 124 ni manjano. Chini ya 115 ni nyekundu, na mtoto anatumwa haraka kwa matunzo. Hata asiyejua kusoma anaelewa.

Tablo za rangi zenye miradi inatuonyesha kwenye kompyuta ao telefone zinafuata njia hiyo. Lakini mipaka ya utepe ilipangwa na waganga. Mipaka ya koperative tunapaswa kuipanga sisi wenyewe. Tusipoipanga, mtu mwingine ataipanga, na hatutajua rangi inatuambia nini.

1. Mupange mipaka mbele ya msimu. Tuseme lengo la msimu A ni kuleta kilo 2.000 za maharagi kwenye depo. Munaweza kukubaliana hivi: 80% na zaidi, kijani, 50% mpaka 79%, manjano, chini ya 50%, nyekundu. Muandike kwenye kitabu cha mkutano mbele ya kupanda, mwezi wa 9. Mukingoja mavuno, mtu anaweza kushusha mipaka ili kila kitu kiwe kijani.

2. Muangalie kama kupanda ni kuzuri ao kubaya. Mbegu za mkopo zilizorudishwa zikipanda, ni vizuri. Maharagi yaliyoliwa na vidudu yakipanda, ni hasara. Kwa hasara, hesabu ndogo njo kijani.

3. Mulinganishe na tarehe. Mavuno yakianza, kilo 600 juu ya 2.000 ni 30%: nyekundu. Lakini kama mulipanga kuwa na kilo 500 siku hiyo, muko mbele! Kila tarehe iwe na lengo lake.

4. Muandike hesabu pembeni ya rangi. 51% na 79% zote ni manjano, lakini moja iko karibu kuanguka, ingine iko karibu kufika. Tena, kopi ya karatasi inatoka bila rangi, na kuna watu, zaidi wanaume, wenye macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani.

5. Nyekundu ilete kazi, isilete haya. Mlinzi wa depo akiogopa kufezeheshwa mbele ya watu, ataandika hesabu ya kufurahisha komite. Tablo itabaki kijani, na maharagi yataoza ndani ya magunia. Makuta yatakayopotea ni ya wanamemba wote. Njo maana kila nyekundu iandikwe na mambo matatu: sababu, mtu wa kufuatilia, na tarehe ya kuleta jibu.

Hakuna lazima ya kompyuta. Ubao ukutani na chaki za rangi tatu zinatosha.

Ya kujadili kwenye mkutano:
- Ni hesabu gani tatu tunataka kufuata msimu huu?
- Mpaka wa kila rangi ni wapi, na nani aliukubali?
- Mara ya mwisho tulipoona nyekundu, tulifanya nini?