Mpakani Tunaiuliza Google Nini? Maswali na Majibu

Maswali haya yametoka kwa wasomaji wa Busia na Malaba, miji ya mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Kenya. Anayejibu ni mtafiti wa matumizi ya intaneti.

Mtaalamu, nina saiba hapa Busia kwa miaka mingi. Zamani mteja aliandika neno moja au mawili, kama "kra pin" au "mahindi bei". Siku hizi kijana anaandika sentensi nzima kana kwamba anamwandikia mjomba wake barua. Watu wamekuwaje?

Watu ni wale wale, ndugu yangu. Kilichobadilika kwanza ni mashine. Injini za utafutaji za mwanzo zililinganisha herufi kwa herufi, na ukiongeza neno ambalo halimo kwenye ukurasa unaoutaka, uliweza kujikosesha mwenyewe. Watafiti waliochambua kumbukumbu za injini ya Excite, ya Marekani, kati ya 1997 na 2001 walikuta wastani wa maneno mawili na nusu hivi kwa kila swali. Watu walikuwa wamefundishwa kubana maneno.

Kisha mashine ikaanza kuelewa sentensi. Google ilileta mfumo wa Hummingbird mwaka 2013, na mwaka 2019 ukafuata BERT, ambao Desemba ya mwaka huo ulisambazwa kwa lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwemo. Chukua swali kama "naweza kuvuka Malaba bila pasipoti". Injini ya zamani ingekuletea kurasa za pasipoti, kwa sababu neno zito hapo ni pasipoti. Lakini roho ya swali iko kwenye "bila". (Na ndiyo, unaweza. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa.)

Ila usimpe kijana sifa zote. Tangu 2008 Google imekuwa ikimalizia sentensi kabla mtu hajamaliza kuandika. Mtazame mteja wako kwa makini: anagonga herufi nne, orodha inashuka, kidole kinachagua. Sentensi unayoiona mara nyingi ni ya Google yenyewe, yeye ameitikia tu.

Kabla ya simujanja, watu wetu walikuwa hawatafuti?

Walitafuta sana, ila kwa mdomo na kwa SMS. Juni 2009 Google, MTN Uganda na Grameen Foundation walizindua huduma ng'ambo tu ya hapo. Mkulima mwenye simu ndogo ya mulika mwizi alituma ujumbe akajibiwa kuhusu kilimo, afya au hali ya hewa, na ilikuwepo pia sehemu ya kutafutana kati ya wauzaji na wanunuzi. Mwaka huo huo nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, ziliunganishwa Mombasa, na intaneti ya Kenya ikaacha kutegemea setilaiti.

Mimi ninauza nafaka. Naona maswali yangu mwenyewe yanabadilika kila serikali inapogusa mpaka. Ni mimi tu?

Si wewe tu, mama, na hapa ndipo penye utamu wote wa somo hili. Kumbuka Machi 2021. Tarehe 5 Kenya ilitangaza kusimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, yaani aflatoksini. Siku chache baadaye zuio likalegezwa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti, na sumu isizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Sasa jiweke katika wiki ile. Siku ya kwanza unauliza aflatoksini ni nini. Kesho yake unauliza kwa nini mahindi yamezuiwa, na utasoma chochote, hata siasa. Masharti yakishatoka swali linageuka: cheti kinapatikana wapi, nani anapima, ni pesa ngapi. Mwezi ukipita huulizi tena. Unaandika jina la ofisi tu ufike kwenye fomu, au unampigia wakala wako wa forodha basi. Swali lilianza refu na la woga, likaishia fupi na la kazi.

Mwanasayansi wa kompyuta Andrei Broder aliyagawa maswali ya mtandaoni mwaka 2002: kuna ya kutaka kujua, ya kutaka kufika mahali fulani mtandaoni, na ya kutaka kufanya jambo. Aliyaweka kama mafungu matatu. Mimi nikiitazama Busia nayaona zaidi kama hatua ambazo mtu yule yule anazipitia kila kanuni mpya inapoingia.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba neno likiacha kutafutwa basi watu wamelisahau. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, na watu wakakimbilia VPN ili kuikwepa tozo hiyo. Aliyekwisha kuiweka kwenye simu hana haja ya kuitafuta tena. Anaitumia kila siku kimyakimya. Kanuni ya mpakani inapotoweka kwenye Google, mara nyingi ni kwa sababu kila mtu ameshaijua, pamoja na njia ya panya ya kuizunguka.

Yako pia maswali yanayokwenda na kalenda. Tarehe 14 ya kila mwezi EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, inatangaza bei mpya za mafuta, na kwa mwenye bodaboda wa mpakani hiyo ndiyo siku ya kulinganisha lita ya huku na ya kule. Mwisho wa Juni ni ripoti za kodi. Bei ya shilingi ya Kenya kwa ya Uganda haina msimu, hiyo inaulizwa kila asubuhi.

Ninafundisha sekondari Malaba. Nikiwaonyesha wanafunzi Google Trends, zile chati za Google za maneno yanayotafutwa, kaunti yetu mara nyingi haina kitu au inaruka ovyo. Kuna kasoro gani?

Mwalimu, Trends haihesabu watu. Inachukua sampuli, inapima neno kwa kulilinganisha na utafutaji wote wa mahali na wakati huo, halafu kilele kinapewa 100. Neno lenye watafutaji wachache linaandikwa sifuri. Kaunti yenye watafutaji wachache huumia hapo.

Mpakani pana tatizo jingine. Wanafunzi wako wangapi nyumbani kwao kuna laini mbili, ya Kenya na ya Uganda? Aliyeketi Malaba ya Kenya akanunua bando la mtandao wa Uganda, mara nyingi huonekana kwa mashine kama yuko Uganda. Kwa hiyo mji unaohangaika zaidi kutafuta habari za nchi mbili ndio unaopimwa vibaya zaidi.

Waambie pia kuhusu Google Flu Trends. Ilianzishwa 2008 ili kukisia mafua kutokana na maswali ya watu, ikasifiwa kote, kisha msimu wa 2012 kuingia 2013 ikakisia karibu mara mbili ya hali halisi nchini Marekani. Ilifungwa 2015. Anayetafuta neno mafua huenda amesikia tu habari redioni.

Mimi ni dereva wa lori, Mombasa hadi Kampala. Siandiki, ninaongea na simu. Inanielewa Kiswahili?

Tangu Agosti 2017 Google inapokea Kiswahili kwa sauti. Inakuelewa vizuri ukiongea Kiswahili kilichonyooka, inayumba ukichanganya Kiswahili na Kiingereza ndani ya sentensi moja, na injini ya lori ikinguruma ndio basi. Mteso wa Malaba anayetaka kuuliza kwa Kiteso bado analazimika kutafsiri swali lake kichwani kabla ya kulitamka.

Lakini nikuulize, ndugu dereva. Ukitaka kujua foleni imefikia wapi, unaiuliza Google? Unauliza kundi la WhatsApp la madereva. Mwaka 2020, wakati madereva wakisubiri vipimo vya Corona na malori yamepanga mstari wa kilomita nyingi kutoka Malaba, swali la maana lilikuwa foleni inasogea au haisogei, na aliyejua ni tanboi aliye mbele. Vijana nao wanatafuta ndani ya TikTok. Kutafuta hakujapungua, kumehama kwenda mahali ambapo Google haina daftari.

Na hizi akili bandia? Wateja wangu wa saiba wanaanza kuziuliza hata habari za ushuru.

Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, tabia mpya ni kuuliza, kujibiwa, kisha kuuliza tena juu ya jibu. Kwa barua ya kuomba kazi, sawa. Kwa ushuru, hapana. Kanuni za forodha hubadilika kwa tangazo la siku moja, na mashine inaweza kukujibu kwa kanuni ya mwaka juzi bila kusita. Mzigo ukizuiliwa, gharama ni yako. Mfanyabiashara mdogo ambaye bidhaa zake zimezalishwa Afrika Mashariki na hazizidi dola 2,000 ana utaratibu wake rahisi wa cheti cha asili. Aulize ofisi ya forodha palepale mpakani, si simu.

La mwisho. Maswali yanayobaki kwenye kompyuta zangu yana madhara gani?

Makubwa. Agosti 2006 kampuni ya AOL ilitoa hadharani maswali ya watumiaji wapatao 650,000, majina yakiwa yamebadilishwa kuwa namba. Waandishi wa habari walimtambua mmoja wao kwa kusoma tu alichokuwa akitafuta. Busia ni mji mdogo kuliko Marekani. Anayekaa kwenye kompyuta yako baada ya mteja mwingine anaweza kuona ugonjwa ambao mwenzake aliuulizia, deni lake, hata mzigo anaopanga kuuvusha. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na anayehifadhi habari za mteja ana wajibu. Kwa hiyo ziwekee kompyuta zako mpangilio wa kufuta historia kila kivinjari kinapofungwa, na mkumbushe mteja atoke kwenye akaunti zake kabla hajainuka.