TELA NAYO INA NAMBA YAKE

Watu wengi wa Kibera na Kawangware hudhani kwamba tela, kwa kuwa haina injini, yatosha kutumia namba ya motokaa iivutayo. Sivyo. Sheria ya Trafiki ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1954, yataka tela iandikishwe peke yake. Namba za motokaa za raia huanza na K. Za tela huanza na Z. Waandikishaji sasa ni NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012.

Anunuaye tela kuukuu na adai karatasi za tela yenyewe, wala asiridhike na za motokaa. Kibao cha nyuma kisifunikwe na mbao wala turubai. Tela ikimgonga mtoto usiku ikaenda zake, walioachwa barabarani huona mgongo wake tu.